Kukagua Hati za Madai ya Bima ya Nyumba na Mali

Mtu akipatwa na msiba wa moto, wa kwanza kuitwa baada ya majirani wenye ndoo ni yule ajuaye kusoma na kuandika. Hapa Ngamiani ni hivyo hivyo. Moshi haujaisha, mwenye nyumba yuaja na mfuko umejaa karatasi zilizolowa maji, asema, "Mwalimu, nitazamie hizi, niambie kama nitalipwa." Basi tumeona vema mwezi huu tuandike juu ya kazi hiyo ya kutazama karatasi, maana si kazi ndogo. Jina moja lisilolingana na jingine laweza kumnyima mjane paa juu ya watoto wake.

Wako waulizao kama kukata bima ni kukosa imani. Swali hilo limejibiwa mara nyingi, wala hatutalirudia. Afungaye mlango wake usiku hajamkana Mungu.

Neno "bima" lilikuja kwetu pwani pamoja na wafanya biashara wa Kihindi, nao walilipata katika Kiajemi, ambamo neno la asili, "bim", maana yake ni hofu. Watu wengi wenye hofu moja huweka akiba pamoja, ili yule mmoja atakayepatwa alipwe katika akiba ya wote. Wenyeji wa Hamburg, katika Ujerumani, waliweka sanduku la namna hiyo kwa nyumba zao mwaka 1676, miaka 10 baada ya moto mkubwa wa London. Mwezi wa Mei 1842 Hamburg yenyewe iliungua, na makanisa ya Mtakatifu Petro na Mtakatifu Nikolao yakateketea pamoja na nyumba za watu. Hapo watu wakajifunza kwamba hata sanduku la bima lahitaji bima yake: mwaka 1846 ikaundwa katika mji wa Cologne kampuni ya kuzikatia bima kampuni nyingine. Siku hizi kazi hiyo yaitwa bima mtawanyo, na hapa Tanzania TAN-RE yaifanya tangu mwaka 2004. Twayaeleza haya ili mjue kwamba karani wa bima anapodai karatasi nyingi, mara nyingi hadai kwa ukaidi. Nyuma yake wako wengine watakaomdai yeye karatasi zile zile.

Katika nchi yetu Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, mwaka ule ule makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shirika hilo likabaki peke yake katika kazi hii, hata sheria ya mwaka 1996 ilipofungulia kampuni nyingine mlango. Leo kampuni ni nyingi, nazo zasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ikaongeza sharti kwamba masoko ya umma na majengo ya biashara yakatiwe bima. Kwa hiyo wenye hati za bima wameongezeka. Waliozisoma ni wachache.

HATI YENYEWE KWANZA

Mtu akikuletea mfuko wake usianze na hasara, ijapokuwa ndiyo anayotaka kuisema. Anza na mkataba. Mara nyingi utakuta ndani ya mfuko stakabadhi ya fedha tu, au ukurasa mmoja aliopewa na wakala. Ukurasa huo hautoshi. Hati ya bima ina sehemu tatu au nne: ukurasa wenye jina, mahali, siku na kiasi, masharti ya jumla, mambo yasiyolipwa, na vifungu vya nyongeza. Kama hana zote, na aiombe kampuni nakala kwa barua siku ile ile.

Kisha tazama siku. Bima yaanza lini, yaisha lini, na saa ngapi? Tena tazama stakabadhi ya ada: imelipwa kabla ya moto au baadaye? Sheria yetu haitaki bima ya mkopo. Ada hutangulia, ulinzi hufuata. Hati ya siku hizi ina namba inayoweza kuhakikiwa katika mfumo wa TIRA, na ni vema kuihakiki siku ya kununua, si siku ya moto, maana mawakala wa uongo wapo.

Baada ya siku, tazama ni ajali zipi zilizokubaliwa. Hati ya moto ya kawaida hulipa moto, na radi, na mlipuko wa gesi ya nyumbani. Maji ya zimamoto yaliyoharibu magodoro huhesabiwa pamoja na moto wenyewe. Lakini mafuriko, tufani, tetemeko la nchi na ghasia hulipwa tu kama yameandikwa kwa nyongeza. Mtu wa pwani hudhani tetemeko si letu. Hata hivyo tarehe 10 Septemba 2016 nchi ilitetemeka Kagera kwa kipimo cha 5.9, na nyumba kwa maelfu zikaharibika. Wala tufani si ngeni: ile ya tarehe 15 Aprili 1872 iling'oa mashamba ya karafuu ya Unguja. Ama vita, karibu kila hati huvikataa. Mji wetu wa Tanga wavijua vita hivyo. Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, iliupiga kwa mizinga, nao waliobomolewa kuta siku zile wangeisoma bure hati ya moto ya namna ya leo.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: hati nyingi husema kwamba nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30, ulinzi hukoma mpaka kampuni ikubali tena. Mwenye nyumba aliyekwenda Lushoto kuuguza mama yake miezi miwili hana budi kuonyesha kwamba wapangaji walikuwamo. Hapo stakabadhi za umeme wa LUKU zaweza kumsaidia.

JINA

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo madai mengi ya Ngamiani hukwama.

Mnazijua nyumba zetu: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani jiko na choo. Nyumba kama hiyo ilijengwa na babu. Babu alifariki bila kuandika neno. Wanawe wakakaa, wengine wakahamia Dar es Salaam, wengine wakafa, na leo chumba kimoja akaa mjukuu, cha pili shangazi, na vinne vina wapangaji. Hati ya kiwanja ina jina la babu hata leo. Mjukuu, kwa kuwa ndiye mwenye bidii, akaenda kukata bima, akaandikisha jina lake mwenyewe kama mwenye nyumba. Moto ukaja.

Sheria ya bima yauliza swali moja: mtu huyu angepata hasara gani, kwa haki yake mwenyewe, mali hii ikiteketea? Mjukuu ni mrithi mmoja kati ya wengi, naye ana haki katika fungu lake. Lakini nyumba nzima si yake, wala hakupewa na wenzake mamlaka ya kuisemea. Kampuni yaweza kumlipa sehemu, au kuzuia malipo mpaka warithi wote wajulikane, au kumwambia kwamba alitoa habari isiyo kweli alipojiita mwenye nyumba. Na wakati huo shangazi yuko chini ya turubai.

Dawa yake yajulikana, nayo ni ya kabla ya moto: cheti cha kifo cha babu, kikao cha ukoo na muhtasari wake wenye sahihi, kisha mahakama yenye mamlaka imteue msimamizi wa mirathi. Msimamizi akikata bima, aandike wazi kwamba aikata kwa ajili ya warithi wa marehemu fulani. Ikiwa moto umekwisha kutangulia, bado msimamizi na atafutwe upesi, na kampuni ijulishwe kwa barua kwamba jambo liko mahakamani, ili siku zisihesabiwe juu ya wenye kudai kana kwamba wamenyamaza.

Watu wengi huleta stakabadhi za umeme kuwa ushahidi wa umiliki, kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya majengo yakatwa ndani ya malipo ya LUKU. Lakini anunuaye umeme aweza kuwa mpangaji. Stakabadhi ile yaonyesha kwamba nyumba ilikuwa na watu; haionyeshi ni ya nani.

Tena kuna jina la mtu mwenyewe. Kanisani ni Yohana, katika kitambulisho cha NIDA ni John, katika hati ya kiwanja ameandikwa kwa jina la ukoo tu, na mtaani ni Baba Fulani. Mtu mmoja, majina manne. Sisi twamjua; mkadiri wa hasara atokaye Dar es Salaam hamjui. Andaa hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya yote ni ya mtu huyu mmoja, uiambatishe mapema, kabla hujaulizwa. Walimu wa mitaa waweza kusaidia hapa kwa cheti cha ubatizo, mradi wasibadilishe herufi moja katika kitabu cha usharika ili kilingane na karatasi nyingine.

Neno juu ya wapangaji. Bima ya mwenye nyumba hailindi kitanda cha mpangaji, wala cherehani yake. Hailindi hata kodi ambayo mwenye nyumba aikosa wakati wa kujenga upya, ila kama imeandikwa. Wapangaji wengi hawalijui jambo hili, na baada ya moto hugombana na mwenye nyumba wakidhani amekula fedha zao.

MAHALI NA SAA

Barabara zetu za Ngamiani zaitwa kwa hesabu, na mgeni hudhani ni mji rahisi kuliko yote. Lakini nyumba moja yaweza kuwa na namba tatu: ile ya zamani iliyopakwa mlangoni, ile ya kiwanja na kitalu katika ofisi ya ardhi, na ile iliyobandikwa mwaka 2022 wakati wa kazi ya anwani za makazi. Hati ya bima yataja moja, ripoti ya polisi yataja nyingine. Mwombe mwenyekiti wa mtaa au mtendaji aandike barua fupi isemayo kwamba namba hizi tatu ni za nyumba moja.

Shida ya saa ni ya lugha yetu wenyewe, nayo yafurahisha mpaka ikuguse. Kwa hesabu ya Kiswahili cha zamani siku huanza jua linapokuchwa. Mzee asemaye nyumba iliungua "usiku wa Ijumaa, saa nane" ana maana ya usiku ule wa kuamkia Ijumaa. Kijana wake, aliyesoma shule, asema usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Polisi naye ameandika "Ijumaa, 02:00". Zimamoto wameandika kwamba waliitwa Alhamisi usiku, kwa kuwa zamu yao ilianza Alhamisi. Wote wamesema kweli, na karatasi zao zapingana. Ikiwa bima ilianza au ilikwisha siku hiyo, neno moja hili laweza kuwa ndiyo malipo yote. Basi katika maelezo yako andika siku, tarehe, na saa kwa njia zote mbili: "usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe fulani, saa nane ya usiku, yaani 02:00".

Ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na ile ya polisi ziombwe mapema, wangali wanakumbuka. Usikubali mtu ajaze sababu ya moto kwa kukisia. Kama haijulikani kwamba ni waya za umeme, iandikwe kwamba haijulikani. Kuijua sababu si kazi ya mwenye nyumba.

HESABU

Msomaji achukue kalamu.

Tuweke mfano wa mama mmoja mjane, mwenye nyumba yake kwa haki, na duka katika chumba cha mbele. Kujenga nyumba yake upya kungegharimu shilingi 40,000,000. Lakini siku ya kukata bima, kwa kutaka ada iwe ndogo, aliandikisha shilingi 20,000,000. Moto ukala jiko, vyumba viwili na sehemu ya paa; fundi akakadiria matengenezo kuwa 12,000,000. Mama afikiri hivi: bima yangu ni milioni 20, hasara ni milioni 12, basi nitalipwa zote 12. Sivyo. Hati nyingi zina sharti la uwiano: aliyekatia bima nusu ya thamani huhesabiwa kuwa amejichukulia nusu nyingine ya hatari yeye mwenyewe. Gawanya 20 kwa 40, upate nusu. Nusu ya 12,000,000 ni 6,000,000. Toa tena kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujibebea, tuseme 500,000. Atapokea 5,500,000, na fundi ataka 12,000,000. Hakuna aliyemdhulumu, ni hesabu aliyoitia sahihi bila kusoma.

Wako wakosao kwa upande wa pili. Mtu aandikisha nyumba yake kwa bei ambayo dalali angeiuza, kwa kuwa kiwanja kiko karibu na soko. Lakini kiwanja hakiungui. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, na mtu ana haki ya kuitumia tu; haki hiyo hubaki baada ya moto. Kinachokatiwa bima ni kuta, paa, milango na waya, pamoja na gharama ya kuondoa kifusi. Mtu huyu alipa ada ya bure kila mwaka, na akiunguliwa halipwi zaidi ya hasara yake. Hata fidia ya kuta hizo hupunguzwa kwa uchakavu, isipokuwa hati yasema italipa gharama ya vitu vipya: mabati yenye miaka 15 na kutu ya chumvi ya bahari hayalipwi kama mabati yaliyotoka dukani jana.

Kwamba bima ni ya kurudisha na si ya kutajirisha, kuna hukumu ya Uingereza ya mwaka 1883, kati ya Castellain na Preston. Mwenye nyumba mmoja wa Liverpool alikuwa amekubaliana kuiuza nyumba yake. Kabla ya kuikabidhi ikaungua, kampuni ikamlipa pauni 330. Kisha mnunuzi akalipa bei yote kama walivyopatana. Mahakama ikamwamuru muuzaji kuzirudisha zile 330, maana hakubaki na hasara. Hukumu hizi zatugusa, kwa sababu misingi ya sheria ya Waingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 iliingizwa Tanganyika.

Sasa duka. Mama yule adai kwamba bidhaa za shilingi 7,000,000 ziliungua. Tutajuaje? Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga, na hapa neno hilo ni sheria kamili. Tazama daftari lake. Tarehe 1 Januari alihesabu bidhaa za 3,000,000. Tangu siku hiyo mpaka siku ya moto amenunua za 5,400,000. Ameuza kwa 6,000,000. Lakini mauzo yana faida ndani yake. Kama huongeza shilingi 20 juu ya kila 100 aliyonunulia, basi bidhaa alizouza zilimgharimu 5,000,000. Jumlisha 3,000,000 na 5,400,000, toa 5,000,000: dukani zilibaki bidhaa za 3,400,000. Zile milioni 7 zimetoka wapi? Yaweza kuwa ni uongo. Lakini mara nyingi tumeona ni kitu kingine: amehesabu kwa bei ya kuuzia, akaongeza friji na rafu ambazo zapaswa kuandikwa mahali pengine, akaongeza na madeni ya wateja, ambayo bima ya bidhaa hailipi. Kazi ya mkaguzi ni kuzitenga hizo, moja moja, kabla karani hajazitenga kwa hasira.

Stakabadhi za mashine za EFD zina ugonjwa wao: maandishi yake hufifia kwa joto, na Tanga hatukosi joto. Baada ya mwaka waweza kuwa na bahasha ya karatasi nyeupe. Zitolewe nakala mapema, au zipigwe picha kwa simu na picha itumwe kwa ndugu akaaye mji mwingine. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe. Aliyeunguliwa na stakabadhi zake zote bado aweza kumwendea muuzaji wa jumla amwombe nakala katika vitabu vyake, na benki impe taarifa ya akaunti. Nabii Yeremia, aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, alikuwa na hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, na akamwamuru Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu; someni sura ya 32. Mji ulikuwa umezingirwa, na bado mtu yule alijali nakala ya pili.

Vitu vilivyoibwa barabarani wakati majirani wanavitoa ndani, hati nyingi hazivilipi. Liandikwe jambo hili kama lilivyo, kwa orodha yake mbali.

KUSEMA KWELI

Mwaka 1766, katika shauri la Carter na Boehm, jaji Mansfield wa London aliweka msingi ambao hati zote husimama juu yake. Carter alikuwa liwali wa ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra. Aliikatia bima isitekwe na adui, na mwaka 1760 Wafaransa wakaiteka. Mwenye bima akakataa kulipa, akisema Carter alificha udhaifu wa ngome. Jaji akasema kwamba aombaye bima hana budi kutoa mambo ambayo yeye ndiye ayajuaye na mwenzake hawezi kuyajua. Lakini liwali akashinda, maana habari za vita mtu wa London aliweza kuzijua kama yeye. Pande zote mbili, basi, zimefungwa na uaminifu, wala si mkata bima peke yake. Ikiwa wakala aliingia nyumbani, akaona kuta za nyuma ni za udongo na miti, kisha akaandika "matofali" kwa mkono wake, jambo hilo liandikwe katika maelezo na mashahidi watajwe.

Lakini mwenye nyumba aliyegeuza chumba kuwa ghala la petroli katikati ya mwaka, au karakana ya kuchomelea vyuma, alipaswa kuijulisha kampuni. Akinyamaza, asishangae.

Na hapa twasema nanyi walimu kwa uwazi. Siku moja utaombwa uandike barua isemayo kwamba televisheni zilikuwa mbili, nawe wajua ilikuwa moja. Aombaye si mwizi. Ni jirani aliyelala nje jana. Atasema kampuni ni tajiri. Yafikirini haya: hati nyingi zina sharti kwamba dai lenye uongo katika sehemu moja hupoteza haki yote. Kwa televisheni ya laki tano mtu aweza kupoteza nyumba ya milioni 40, nawe ndiye uliyeshika kalamu. Mwambie hivyo, kwa upole, kisha mwandikie barua ya televisheni moja.

KUPELEKA, NA KUPOKEA

Taarifa ya kwanza ipelekwe mara moja kwa maandishi, kabla hesabu haijakamilika. Hati hutaja siku ngapi. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yampa mtu miaka sita kushtaki juu ya mkataba, lakini miaka hiyo haiponyi sharti la taarifa lililovunjwa. Kifusi kisiondolewe kabla mkadiri hajaja, ila kilicho salama kifunikwe kwa turubai kisiharibiwe na mvua, maana mwenye bima apaswa kuilinda mali iliyosalia kana kwamba hana bima. Hati za asili zisitolewe bila kusainiwa. Peleka nakala mbili, na ya pili irudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe, na jina la aliyepokea.

Mwisho huja karatasi ya kukubali malipo. Ni fupi, na huletwa wakati mtu amechoka. Maneno yake husema kwamba aliyetia sahihi amepokea kiasi hiki kuwa malipo kamili na ya mwisho, wala hatadai tena. Kabla ya kusaini omba hesabu ya namna walivyofika kiasi hicho: wametoa nini kwa uchakavu, nini kwa uwiano, nini kwa mabaki ya mabati na mbao. Ipitie pamoja na mwenye nyumba mstari kwa mstari. Kama kuna kosa, na aiandikie kampuni barua ya malalamiko, angoje jibu la maandishi. Akikataliwa aweza kumwendea Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na ile Sheria ya mwaka 2009, au kupeleka malalamiko TIRA, kabla ya kufikiri habari ya wakili na mahakama. Na kama mkopo wa benki uko juu ya nyumba, tazameni tena ukurasa wa kwanza wa hati: yaelekea jina la benki limo, na hundi itaandikwa kwa benki kwanza. Mama apaswa kulijua hilo kabla hajamwahidi fundi siku ya kuanza kazi.